Matanga Bila Maiti

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wapo waliozaliwa na mguu wa kusafiri. Wangu ulizaliwa umekaa. Nilipopelekwa kusoma sekondari kwa mapadri, mbali na Ruangwa, wenzangu walikariri majina ya wafalme wa Ulaya, mimi nikakariri njia ya kurudi kwetu: daraja gani linafuata, duka la nani, kilima kipi. Nikamaliza masomo, sijui kwa huruma ya nani, nikarudi kwa mama nikakaa. Nilikaa vizuri sana. Kama kukaa kungekuwa na cheti, ningepata daraja la kwanza.

Mama alinivumilia msimu mzima wa mavuno, kisha akaanza kunisema kwa kuku.

"Nyie mmesomea wapi?" aliwauliza akiwamwagia pumba. "Maana nyie asubuhi mnatoka kutafuta. Ninaye mmoja humu anajua Kiingereza, hafiki hata nyuma ya choo."

Kuku waliendelea kudonoa, na mimi nikaendelea kukaa.

Siku moja alirudi sokoni na habari kwamba Nachingwea kuna mzungu wa sinema anayetafuta mtu ajuaye Kimwera na Kiingereza. Nikaingia ndani kutafuta sababu ya kukataa. Nilikuta nguo zangu zimeshafungwa.

Nachingwea ya miaka hiyo ilikuwa imeanza kunywea. Zile kelele za kung'oa miti kwa ajili ya mashamba makubwa ya karanga zilikuwa zimekwisha, au karibu. Barabara zilibaki pana kama za mji mkubwa, ila mji wenyewe haukutokea. Unatembea katikati ya barabara, huna wa kumpisha. Mashine zilisimama majanini, matairi yamelika, ndege wakiingia na kutoka pale palipokuwa na injini. Vibarua walikuwa wamerudishwa kwao, wengi kwa treni, na nyumba zao za muda zilikuwa zikivunjwa safu kwa safu.

Nilipewa chumba katika safu iliyokuwa ya makarani. Vyumba vyote vilikuwa vitupu isipokuwa changu. Jioni nikila, nilisikia kijiko changu kikigonga sahani, na ukuta wa pili ukanirudishia sauti kama vile kuna mwenzangu naye anakula peke yake upande wa huko. Nilianza kulisalimia sufuria kwa Kimwera. Sufuria lilikuwa na adabu, lilinisikiliza hadi mwisho.

Yule mzungu, bwana wa picha, alikuwa mwembamba, pua imebabuka kwa jua. Alitoka Dar es Salaam, na kabla ya hapo sikuuliza. Alinieleza kwamba hataki waigizaji. Anataka familia moja ya kweli, iliyobaki bila makao baada ya kazi kupungua, aifuate kutwa na kamera: wanaamkaje, wanapika wapi, watoto wanalala wapi. Watu wa mbali waone. Niliona ni jambo la maana. Niliona pia kwamba mimi mwenyewe nililia usiku kwa kukosa nyumba na hakuna aliyenipiga picha, ila hilo sikumtafsiria.

Familia tuliipata nje ya mji, njia ya kwenda Naipingo. Walikuwa mume, mke na watoto watatu, na waliishi ndani ya kasha la trekta. Ninaposema kasha nina maana ya sanduku lile la mbao nene lililoleta mashine kutoka ng'ambo, refu kiasi cha mtu kusimama akiinamisha shingo. Ubavuni palikuwa na mshale uliochorwa kwa rangi nyeusi na maneno ya Kiingereza kwamba upande huu uwe juu. Kasha lilikuwa limelazwa, kwa hiyo mshale ulielekea porini. Juu yake waliweka bati moja lililotoboka, na mbele mke alijenga mafiga, akafagia uwanja safi kuliko wa nyumba nyingi nilizozijua.

Mume alikuwa amefanya kazi ya mashine. Alijua kuizima na kuiwasha, aliniambia, na hapo katikati ilikuwa kazi ya mwingine. Tulipatana siku ile ile. Alipogundua kwamba kila habari ninayosimulia inaanza na "kwetu mama", akaniita Karani wa Mama, na jina hilo likashika.

"Karani wa Mama, leo umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Ugali."

"Uliiva?"

Nilitazama chungu chao. Akamwambia mkewe aongeze maji jikoni.

Walikubali kupigwa picha, lakini mke alikuwa na sharti moja. Alilisema kwa Kimwera, akinitazama mimi, si mzungu. Kwao ni Nambilanje. Huko ana kaka yake mkubwa, na kaka huyo anaamini kwamba dada yake anaishi Nachingwea katika nyumba ya mabati yenye milango miwili. Habari hizo alizituma mwenyewe kwa midomo ya wafanyabiashara wanaopita kwenda soko la Ruangwa, na kila mwaka alikuwa ameiongezea nyumba hiyo kitu. Kwetu ukoo unafuata upande wa mama, na mwenye sauti juu ya watoto ni mjomba wao. Kaka akijua kwamba dada yake analala ndani ya kasha, atakuja kumchukua yeye na wanawe, na mume hatakuwa na neno la kusema. Atabaki peke yake.

"Muulize," mume akaniambia, "hiyo picha itafika Nambilanje?"

Nikauliza. Bwana wa picha akasema hapana, itaonyeshwa Dar es Salaam na ng'ambo tu. Nikatafsiri. Mke akamtazama mumewe, mume akatazama kamera, kisha akasema, "Basi tupigwe."

Kazi ilikwenda vizuri siku za mwanzo. Kamera ilikuwa ya kuzungushwa ufunguo kama saa ya mezani; ikiishiwa nguvu inasimama, inabidi izungushwe tena. Watoto waliipenda kuliko baba yao. Mke alipika kisamvu mbele yake, akachota maji mbele yake, akamkogesha mdogo mbele yake, na mdogo alipiga kelele za kutosha kusikika hata katika picha isiyo na sauti. Mimi kazi yangu ilikuwa kusema "tena" kwa Kimwera. Sijawahi kuchosha watu kwa neno dogo kiasi kile.

Kisha bwana wa picha akataka siku ile walipotolewa katika nyumba ya kazini. Haikuwa imepigwa picha, kwa hiyo ifanywe upya: watoke kasheni na vyombo kichwani, mama asimame uwanjani, aonyeshe alivyojisikia.

"Anataka ulie," nilimwambia.

"Nimlilie nani?"

"Lia tu, mama."

"Mtu halii tu," alisema. Alinieleza taratibu, kama anayemweleza mtoto, kwamba machozi ni yake na anaweza kuyatoa wakati wowote, lakini sauti ya kilio ni ya watu wote, haitolewi bila msiba. Nilitafsiri. Bwana wa picha alitikisa kichwa kwa heshima, akasema anaelewa, kisha akaomba tena. Mume akamwambia mkewe chini chini kwamba tukimaliza hili tumemaliza, wataenda zao.

Mke akafungua kitambaa cha kichwa, akakifunga kiunoni. Akaweka mikono kichwani. Alipoanza, hakuwa akiigiza chochote. Alimwita mama yake, aliyekufa Nambilanje wakati yeye yuko huku, na ambaye hakwenda kumzika kwa kuwa angeulizwa habari za nyumba ya mabati. Alilia kwa mtiririko, akitaja mashamba, akitaja kisima cha kwao. Kamera iliishiwa nguvu ikasimama. Yeye hakusimama. Mume alikuwa ameshika chungu kichwani muda wote ule, hajui pa kukitua.

Sauti ya kilio cha namna ile, asubuhi, nchi ikiwa kimya, inakwenda mbali. Jua halijafika utosini tukaanza kuona watu njiani. Wanawake walitangulia, kanga zimefungwa kifuani, kila mmoja na ungo wa unga au mzigo wa kuni. Nyuma yao wanaume na majembe ya kuchimbia. Walifika wakaketi chini bila kuuliza, wanawake upande wa mafiga, wanaume upande wa mshale. Bwana wa picha alikuwa akizungusha ufunguo kwa furaha.

"Hawa ni jamaa zao?" aliniuliza.

"Bado," nilisema, na hadi leo sijui nilimaanisha nini.

Mume alijaribu kueleza kwamba hakuna aliyekufa. Hakuna aliyemwamini mara moja. Mfiwa husema mengi. Ilibidi awasimamishe watoto mstari, kisha mkewe, kisha yeye mwenyewe. Watu wakawatazama. Wakaelewa. Na hapo, kwa kuwa kati yao walikuwapo watani zake, mambo yakamwendea vibaya.

"Marehemu," mmoja wao alisema, mzee wa meno mawili, "mbona unasimama? Lala chini. Tumekuja kwa miguu tangu Mkotokuyana."

"Mimi si marehemu."

"Hayo wanasema wote."

"Amekufa na madeni," mwingine akadakia. "Ndiyo maana anakataa."

"Tupimeni basi kaburi. Miguu yake mirefu, itabidi tuikunje."

Wakamlaza uwanjani kweli, wakampima kwa mpini wa jembe, yeye akicheka kwa kulazimika, na mzee wa meno mawili akakaa juu ya tumbo lake akilia kwa sauti nyembamba ya mwanamke kwamba nani sasa atawasha mashine na kuizima. Watu walicheka hadi wakafuta macho. Hata mke alicheka, uso bado umelowa.

Ila kwetu unga uliopelekwa msibani haurudishwi nyumbani. Haijalishi msiba haukuwepo. Wanawake wakaupika wote, watu wakala, matanga yakakaliwa, bila maiti, na jioni kila mtu akashika njia yake. Nilibaki nikiwahesabu kwa jinsi walivyoondoka. Wale waliofika na kuona ukweli waliondoka na kicheko. Lakini wengine hawakufika. Walikisikia kilio njiani, wakaulizana ni kwa nani, wakaambiwa ni kwa yule mwanamke wa Nambilanje, wakaendelea na safari yao ya Ruangwa. Mume aliliwaza hilo kabla yangu. Alikaa mlangoni mwa kasha, akasema, "Karani wa Mama, wanaokwenda sokoni hutembea upesi."

Kaka alifika baada ya siku chache, vumbi hadi magotini. Alikuwa na jembe begani na sanda nyeupe imekunjwa kwapani. Hakutoa salamu. Alisimama pembeni mwa uwanja, akamtafuta dada yake kwa macho, akampata. Kisha watoto: mkubwa, wa kati, na mdogo aliyekuwa amejificha nyuma ya chungu, naye akampata. Mwisho akamtazama shemeji yake. Ndipo akaketi pale pale aliposimama.

Dada yake alimletea maji. Alikunywa. Kisha akalitazama kasha, kuanzia chini hadi kwenye bati.

"Milango miwili iko wapi?" aliuliza.

Bwana wa picha alikuwa ameanza kupiga. Alinigusa bega akauliza wanasema nini. Nikamwambia wanasalimiana.

"Waliponiambia kuna kilio kwako, hawakusema nani," kaka akasema. "Nimekuja njia nzima nikichagua. Wewe nilikukataa. Watoto niliwakataa mmoja mmoja. Shemeji, nilikuchagua wewe."

"Hata mimi ningejichagua," mume alisema.

Kaka alicheka kidogo, puani, bila kupenda. Kisha akayasema aliyokuja kuyasema tangu alipoliona kasha, kwa sauti ya chini na bila tusi. Dada yake ana kwao. Watoto wana kwao. Watu wenye kwao hawakai ndani ya kitu kilicholeta mashine. Kesho asubuhi wanaondoka.

"Na mimi?" mume akauliza.

"Wewe uliondoka kwetu hujamaliza kulima shamba la mama, kama inavyompasa mkwe. Ulisema unakwenda kulima kwa mashine. Ukija, njoo uanze pale ulipoachia. Usipokuja, sitatuma mtu."

Asubuhi waliondoka. Mke alikuwa na mdogo mgongoni na chungu kichwani, kaka mbele. Bwana wa picha aliniomba nimwambie mke alie kidogo, kwa kuwa sasa ilikuwa kweli. Nilimwambia. Alinitazama kana kwamba mimi ndiye mgeni, akafunga kitambaa chake vizuri zaidi, akaenda. Mume alisimama mikono mitupu. Kamera ilimpiga hadi ilipoishiwa nguvu. Bwana wa picha alifunga vyombo vyake wiki ile akiwa ameridhika kabisa. Alisema hajawahi kupata picha kama ile ya mwisho. Alinishika mkono, akaondoka na gari lake, na kazi yangu ikawa imekwisha.

Ningeweza kurudi kwa mama siku ile ile. Sikurudi, nami ndiye wa kwanza kushangaa. Jioni nilikwenda kasheni, nikamkuta mume ameketi mbele ya mafiga yasiyo na moto. Nikapika mimi. Alionja, akatafuna kwa muda mrefu.

"Mama yako anajua unafanya hivi?"

"Hajui."

"Usimwambie."

Tukawa tunakula pamoja kila jioni, watu wawili ambao hakuna kati yetu aliyejua kupika, tukisifia maji. Hakumtaja mkewe. Alizungumza habari za mashine. Jinsi usukani ulivyotetemeka mikononi kila alipoiwasha, jinsi alivyofikiri hatashika tena jembe maishani. Niliona anaogopa. Mwanamume mzima, amekwisha zaa, arudi kulima mbele ya shemeji zake kama kijana aliyekuja jana kuposa, na mkewe anatazama. Mvua zilikuwa zinakaribia. Zikinyesha kabla hajafika, wengine watalima lile shamba, na basi.

Ilikuwa katikati ya kula aliposema, "Mtu haendi ukweni peke yake. Anakuwa na mshenga wa kumsemea."

"Mtafute mzee."

"Wazee wote wa hapa ni watani zangu. Watanizika."

Kwa hiyo tukaondoka, mshenga asiye na ndevu na bwana harusi mwenye watoto watatu. Ruangwa tulilala kwa mama. Nilitegemea atanizuia, nilikaa hata mkao wa mtu anayengoja kuzuiwa. Alitulisha, akamsikiliza mgeni habari yote, akaniambia kesho tuondoke mapema kabla ya jua kali.

Nambilanje kaka alitupokea barazani. Nilikuwa nimeipanga hotuba njia nzima. Nilipofungua kinywa ilitoka kwa Kiswahili cha shuleni, yenye "hivyo basi" na "kwa upande mwingine", na wazee waliokuwapo wakaniangalia kwa huruma kubwa. Kaka aliningoja nimalize.

"Amekuja?" aliuliza kwa Kimwera.

"Amekuja."

"Si ungesema."

Akaingia ndani, akatoka na jembe, akampa shemeji yake.

Alilima. Mistari yake ilipinda kama njia ya mlevi, viganja vikapasuka siku ya kwanza, na wapita njia waliuliza kama kuna trekta limepita. Watoto walimkimbilia, wakaitwa warudi. Mkewe alikuwa barazani kwa kaka yake akipepeta mtama, akipepeta ule ule muda mrefu kuliko unavyohitaji. Adhuhuri alileta maji kwenye kata, akayaweka mwisho wa mstari, akarudi kwenye ungo wake. Siku iliyofuata aliyaweka karibu zaidi. Usiku sisi wawili tulilala katika kibanda cha vijana wasiooa. Nilikuwa nikiwaza godoro la kwetu. Yeye alikuwa macho, nilisikia pumzi yake.

Mume alipofika mpakani mwa shamba, kaka alilizunguka lote kwa miguu. Aliinama mahali, akatupa jiwe pembeni, akaendelea. Sisi tulisimama tukimtazama, na mke naye aliacha ungo wake, akasimama. Kaka alipomaliza hakurudi kwetu. Alikwenda nyuma ya nyumba yake, mahali penye nyasi fupi, akachora mstari ardhini kwa kisigino.

"Jenga hapa," alisema. "Ikisimama, mkeo ataingia na wanawe."

Nilibaki kusaidia. Kufunga fito kuna namna yake na sikuwa nayo. Nilizofunga mimi zilifunguliwa nikienda kunywa maji, zikafungwa upya, na hakuna aliyenisema, jambo lililoniuma zaidi. Mkewe alianza kuja mchana kukanyaga udongo. Mara ya kwanza hawakuzungumza. Mara ya pili alimwambia kwamba nguzo ya kushoto imelala, na yeye akajibu kwamba imelala kwa kuwa imechoka, na mke akageuza uso ili asionekane.

Siku niliyoondoka walikuwa wakikandika. Mume alikuwa nje, mke alikuwa ndani, ukuta kati yao bado una matundu, wakipokezana udongo kupitia hapo na kubishana habari ya mahali pa kuweka mlango. Mmoja wao alikuwa ndio kwanza ametaka na mlango wa pili. Nilisimama na furushi langu, nikaaga. Nikaaga tena kwa sauti zaidi. Mtoto wa kati ndiye aliyenisikia. Alinipungia mkono uliojaa matope, kisha akakimbia kuwaletea maji.

Nikashika njia ya Ruangwa. Kila tundu walilolijaza lilikuwa limepunguza sauti zao kidogo, na nilipofika kwenye mkondo wa kijito sikuzisikia tena.